Maji Yanayojizaa

"Wahehe, kamwene! Kumbe bado mko hai? Sisi kule Songea tulishashona sanda!"

Gaudensi Ngonyani aliingia hivyo kwenye chumba cha kuongozea Kinu, buti zimejaa tope, sauti juu. Sisi wa zamu tulimpokea anavyostahili. Tulimuuliza kama amekuja kwa miguu kama mababu zake walivyotoka kusini, na kama safari hii nao wamechoka njiani wakajigawia shamba la mtu. Alicheka mpaka kofia ikadondoka.

"Na mbwa wenu siwaoni," alisema akiiokota. "Mmeshawamaliza?"

Huo ndio ukaguzi wa usalama wa nyuklia hapa Ukangala, juu milimani Kilolo, na asiyeuelewa shauri yake. Zamani wakaguzi walikuwa wageni wa kutoka mjini. Sasa Ukangala mgeni hapewi chai kavu. Walichinjiwa mbuzi, wakafungiwa asali na viazi vya kupeleka nyumbani, na mtu aliyekula mbuzi wako hawezi kukwambia nyumba yako inavuja. Kila kinu nchini kikawa kizima, hakuna hata kimoja chenye kasoro, na wakubwa wakaanza kuogopa. Ndipo mtu mmoja mwenye akili akasema: vinu vikaguliwe na watani. Mtani hana haya. Mtani anaweza kujilaza ndani ya kaburi la baba yako akadai kuku ndipo atoke, na wewe hukasiriki, unamtafutia kuku. Wangoni wakapewa vinu vya Wahehe, na sisi tukapewa vya kwao. Sheria ikasema mkaguzi aliyoyaona ayaseme kwa mdomo, mbele ya watu wote, kabla hajaonja chakula.

Mimi ni Editruda Kikoti, mkuu wa zamu ya mchana. Sina subira, na siku ile nilikuwa na subira kidogo kuliko kawaida, kwa sababu wajumbe wa Mtambo Mkuu wa umeme wa pwani walikuwa njiani kuja. Nilimzungusha Gaudensi mbio mbio. Tulishuka kwa lifti mpaka kwenye shimo, pale Kinu chetu kilipokaa kama basi lililosimamishwa kwa pua. Alipapasa, alinusa, aligonga bomba kwa spana akasikiliza. Jioni haijaingia akapanda juu ya benchi uwanjani, watu wamejaa, harufu ya nyama iko hewani.

"Mlinzi wenu analala," alianza. "Geti mnalifunga kwa kamba ya mbuzi. Kizimamoto kimoja kina kiota cha ndege, na ndege amenitukana." Watu walikuwa wanacheka tayari. "Lakini kubwa kuliko yote, mmepata muujiza. Zamani kila juma mlikuwa mnaongeza maji kwenye tangi la mabomba ya kupasha nyumba joto, mnahangaika kama watu wanaonywesha ng'ombe. Sasa tangi halipungui. Maji yanajizaa yenyewe! Au ndiyo hicho Kinu kimezeeka, kinajikojolea kitandani?"

Loo, uwanja mzima uliangua kicheko. Baba mdogo Festo Kikoti, mwenyekiti wa baraza la Kinu, alijipiga paja mpaka machozi yakamtoka. Na mimi nilicheka. Kisha tukala.

*

Kesho yake asubuhi nilipitia nyumbani kwa mama kumwona mdogo wangu Rozaria. Alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, hata kitovu kilikuwa hakijadondoka. Mama, ambaye alikuwa mkunga wa zahanati hii mpaka kifua kilipomstaafisha, alikuwa anamkanda. Chumba kimejaa mvuke. Rozaria anapiga kelele kwamba maji ni ya moto mno, mama anamjibu kwamba hata yeye alipiga kelele hivyo hivyo na hakufa.

Maji yalikuwa yanatoka kwenye koki fupi iliyochomekwa kwenye bomba la ukutani. Nilishaizoea koki ile kiasi kwamba nilikuwa siioni tena. Bomba la ukutani ni la Kinu. Linapita kila nyumba kupasha kuta joto, kwa sababu huku mwezi wa saba majani yanaamka yana barafu. Maji yake hayaruhusiwi kutolewa. Lakini mwambie bibi wa Kihehe kwamba maji ya moto yanapita bure ukutani kwake, halafu mzazi wake akandwe kwa maji ya kuchemsha kwa kuni mbichi! Kila nyumba yenye mzazi ina koki. Na sisi wa Kinu tunajua, tunanyamaza, na tangi tulikuwa tunaliongezea maji kila juma. Basi.

Nilisimama pale nikitazama maji yanavyomwagika kwenye beseni, na ile ya Gaudensi ikanirudia. Maji yanajizaa.

Kama watu bado wanayachota, na sisi hatuongezi, na tangi halipungui, hayo yanayotoka hapa yanatoka wapi?

"Mama, subiri kwanza."

"Nisubiri nini, maji yapoe?"

Nilitoka bila kuaga. Nilipanda mlima kwenda Kinuni karibu nakimbia, nikisalimiwa sijibu, mpaka mtu mmoja akauliza nyuma yangu kama nimefiwa.

Kinu kina maji ya aina mbili, na hayatakiwi kukutana kamwe. Maji ya ndani yanapita kwenye moto wenyewe, yanabeba mionzi. Yakipata joto yanapanda, yakipoa yanashuka, hayahitaji pampu wala mtu wa kuyasukuma. Maji ya nje yanapita jirani, yametengwa na vibomba vyembamba vya chuma. Yanachukua joto tu, yanazungusha jenereta, yanakausha chai, yanakwenda kupasha nyumba. Na ya ndani yamebanwa kwa nguvu kuliko ya nje. Kibomba kikipata ufa, maji ya nje hayaingii. Ya ndani ndiyo yanayotoka.

Geji ya tangi ilikuwa juu ya mstari. Mita ya mionzi ilikuwa kimya, lakini hilo halikunituliza hata chembe. Mita ile iliwekwa kungoja ajali kubwa. Matone haiyasikii. Nikampigia simu Gaudensi, ambaye alikuwa barabarani anarudi kwao.

"Mtani, ile ya kukojoa. Ulikuwa unatania, au ulisema kweli?"

"Jamani njooni msikie! Mhehe amepiga simu kuulizia utani! Tangu lini..."

"Gaudensi."

Nikasikia gari linapunguza mwendo, halafu linazimwa.

"Sikuwa na hakika," alisema, na sauti ilikuwa nyingine kabisa. "Niliona geji iko juu nikajiuliza. Nikasema niiseme, nione kama mtashtuka. Mkacheka. Baba yako mdogo alicheka kuliko wote, nikadhani mnajua sababu yake."

"Na wewe ukala nyama."

"Nikala nyama, Editruda. Hata mimi ni mtu."

Hakuwa amewahi kuniita kwa jina tangu nimfahamu. Hilo lilinitisha kuliko geji.

*

Nilimkuta baba mdogo kwenye geti akisimamia vijana wanaopaka mawe chokaa. Mgeni mkubwa akija, mawe ya njiani lazima yawe meupe, sijui ni nani aliyetufundisha. Nilimvuta pembeni nikamweleza yote. Akanisikiliza huku macho yakiwa kwenye mawe.

"Una hakika?"

"Sina. Kuna kipimo kimoja tu cha kujua. Tunafunga maji ya nje pande zote mbili, yasiingie wala yasitoke, tunaangalia geji. Ikipanda, kuna ufa. Lakini siwezi kuyafunga huku Kinu kinawaka, joto litakwenda wapi? Lazima kizimwe."

"Lini?"

"Sasa hivi."

Akacheka kidogo, kicheko kisicho na raha. "Mwanangu, kesho wajumbe wanaingia. Wanataka vinu vidogo vyote vifungwe, tuungwe kwenye Mtambo Mkuu wa pwani. Baada ya hapo watu wa mji watanyoosha mikono kuamua, na atakayewashawishi ndiye mshindi. Wewe unajua, kinu kikizimwa nje ya ratiba hakiwashwi mpaka wakubwa wa taifa watoe kibali. Wajumbe wakikikuta kimelala, nani atanyoosha mkono kwa ajili ya maiti?"

"Najua."

"Hujui. Wewe ulikuwa mdogo. Enzi za waya mrefu nguzo moja ilianguka kule bondeni, tukakaa giza msimu mzima. Mama yako alizalisha watu tochi ikiwa mdomoni. Tulipiga simu, tulituma watu, tukaambiwa tusubiri, miji mikubwa kwanza. Sisi tulikuwa ncha ya waya, na ncha ndiyo inayosahaulika. Hiki Kinu ni kidogo, ndiyo. Lakini hakuna mtu wa mbali anayeweza kukisahau." Alinishika bega. Nikamwonea huruma kweli, maana kila alilosema lilikuwa kweli. "Wajumbe wanaondoka kesho jioni. Kizime wakishageuza kisogo. Na kwa sasa, mwambie mama yako asitumie yale maji kwa mtoto wetu. Taratibu tu, bila kelele."

Mtoto wetu. Nikarudi nyumbani na neno hilo linanikwaruza, na aibu yangu ni kwamba nilifanya alivyosema. Nilifunga koki kwa spana. Mama alinitazama tu, lakini Rozaria hakuwa mtu wa kutazama tu.

"Maji yana nini?"

"Pengine hayana kitu."

"Ungekuwa unaamini hayana kitu usingekuja na spana." Akamhamishia mtoto titi la pili. "Na Agripina hapo ng'ambo? Pacha wake wanaogeshwa mara mbili kwa siku. Umemfungia na yeye?"

"Roza, nikimwambia Agripina, mpaka mchana mji mzima utakuwa umekimbia, na kesho wageni..."

"Nimekuuliza kama umemfungia."

Nilitoka nje nikaona mvuke unatoka dirishani kwa Agripina, na mwanamke fulani anaimba kumbembeleza mtoto. Nilizunguka nyumba. Nikarudi. Nikazunguka tena. Jirani akaniuliza nimepoteza nini.

Nikavuka njia na spana yangu. Nikaingia kwa Agripina, halafu nyumba ya pili, halafu iliyofuata, nikisema uongo wa ovyo kwamba tunatengeneza mabomba. Lakini mji una koki nyingi zilizofichwa nyuma ya vitanda na makabati, na mtu aliyezoea kuficha hakuonyeshi kwa sababu umeomba vizuri. Nilifunga nilizoziona. Zile nisizoziona ndizo zilizokuja kulala na mimi.

*

Kiongozi wa wajumbe alikuwa Injinia Mwanaidi Shomvi, mama wa makamo, mpole, mwenye maswali mazuri. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, ikashindikana. Alisimama kwenye chumba cha kuongozea huku baba mdogo akihutubia kuhusu chai na zahanati, akanigeukia mimi.

"Mimi sina ugomvi na vinu vyenu, dada. Naogopa wingi wake tu. Vinu vingi ni watunzaji wengi, na watunzaji wengi ni makosa mengi. Sisi tuna mtambo mmoja, na wataalamu bora wa nchi nzima wanautazama."

"Na wakiona kitu cha kutia shaka?"

"Shaka ya namna gani?"

"Tuseme maji. Tuseme geji iko juu kidogo, haijulikani kwa nini."

Baba mdogo alikohoa. Yule mama alifikiri, na alinijibu kwa ukweli, nampa haki yake. "Tungeandika, tungejadili, tungeomba kibali. Mtambo Mkuu hauzimwi kwa wasiwasi wa mtu mmoja, dada yangu. Ukizima ule, nchi nzima inalala giza, hospitali zote, viwanda vyote. Tunasubiri mpaka iwe hakika."

Nilikuwa nimekalia moto tangu alfajiri. Niliposikia hilo la kusubiri, kitu kikakatika ndani yangu. Mpini mwekundu uko upande wa kushoto wa meza, chini ya kifuniko cha kioo. Niliinua kifuniko.

"Editruda," alisema baba mdogo, taratibu, kama mtu anayeongea na mtoto aliyeshika kisu.

"Nisamehe, baba."

Nikauvuta. Fimbo za kuzimia zilishuka zenyewe kwa uzito wake, kama zilivyotengenezwa, bila king'ora wala kishindo. Taa zikafifia, betri zikapokea. Huko nje mashine za chai zikanyamaza moja baada ya nyingine, na mji ambao siku zote unavuma ukawa kimya hata tukasikia jogoo. Zahanati ina betri zake. Mji mzima unaweza kuvumilia baridi. Hakuna mgonjwa wa Dodoma wala Mtwara aliyelala giza kwa ajili yangu.

"Umejifunga bao mwenyewe," alisema Injinia Mwanaidi, na alionekana kusikitika kweli.

Tulifunga maji pande zote mbili. Tukasimama mbele ya geji, sisi sote, mpaka baadhi wakachoka wakakaa sakafuni. Mimi nilikuwa naomba Mungu isipande. Niwe mjinga, nifukuzwe kazi, watu wanicheke mpaka nizeeke, lakini isipande.

Ikapanda. Polepole, lakini ikapanda.

Niliingia kwenye kipaza sauti cha mji nikasema kila kitu, pamoja na ile habari ya kumfungia mdogo wangu koki kwanza. Baba mdogo alitoka bila kuniangalia. Alipofika getini alikaa juu ya jiwe lenye chokaa mbichi, na suruali yake nyeusi ikaharibika, na hakuinuka.

*

Siku ya mkutano wa kunyoosha mikono kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Watu walikuja na mablanketi, nyumba zote zinafuka moshi wa kuni, mama anakohoa toka mlangoni kwake mpaka uwanjani. Muuguzi alikuwa amepima watoto wote kwa mita ya mkononi, ile inayosikia hata matone. Pacha wa Agripina ndio waliokuwa na alama ya mionzi, ndogo mno, akasema itaisha yenyewe mwilini, ila maji yale yangeendelea asingeweza kusema hivyo. Agripina aliwabeba akanipita. Sikumlaumu.

Watani walifika kabla mkutano haujaanza, lori zima, wamejifunga kanga vichwani wanalia kwa kelele. "Tumekuja kumzika marehemu! Amefia wapi Kinu wetu? Alikula nini?" Walishusha kuni, wakashusha kebo ya kuvuta umeme kidogo kutoka kinu cha jirani, wa kutosha zahanati tu. Wakaifunga huku wanaomboleza. Watu walicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Injinia Mwanaidi, aliyerudi kwa ajili ya mkutano, alizungumza vizuri, na alizungumza kifupi. Mmeona wenyewe, alisema. Kinu kimeugua, na aliyeligundua jambo hilo hakutaka kusema mpaka dakika ya mwisho. Tupeni mzigo huu tuubebe sisi. Kisha baba mdogo akasimama kuomba mikono, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kushindwa.

Rozaria akainuka na mtoto mgongoni.

"Mimi nina swali kwa mama injinia. Kinu chetu kilikuwa kinavuja, ndiyo. Aliyekizima ni dada yangu. Kabla hajakizima nilimgombeza, akanisikia, kwa sababu anapita mlangoni kwangu kila siku na akinikosea hali chakula kwa raha. Sasa huo mtambo wenu mkubwa," akamsogeza mtoto vizuri, "mle ndani kuna dada wa nani?"

Yule mama alitazama karatasi zake, halafu akatazama watu wote wale kwenye mablanketi, akakaa.

Mkono wa kwanza kunyooshwa ulikuwa wa Agripina. Alinyoosha huku ananikazia macho, na macho hayakuwa ya msamaha. Kisha mama. Kisha mikono ikawa mingi nisiweze kuona mlima nyuma yake. Kitengenezwe, kiwashwe, kibaki chetu. Baba mdogo alikuwa analia waziwazi, chokaa bado iko kwenye suruali.

Gaudensi alipanda juu ya benchi lake. "Hongereni Wahehe! Mmezoea baridi kama viazi! Nimeshuka shimoni asubuhi kumuaga marehemu, na nawaambia, mkishaziba huo ufa msisahau vali ya pili. Inakoroma kama Mhehe aliyeshiba mbwa!"

Kicheko kilipasuka uwanja mzima. Kikafika katikati, kikakatika. Watu waligeuka mmoja mmoja, wakamtazama. Baba mdogo akapangusa macho kwa mkono, akamsogelea mpaka karibu na benchi.

"Mtani," alisema, "rudia. Rudia polepole, hakuna anayecheka."